Siku moja maishani mwangu: gunia la kilo 815

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimekwisha kuamka. Ni mazoea niliyoyapata Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ambako kwa miaka tisa nilikuwa mtafiti msaidizi katika majaribio ya kudhibiti ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe unaoshambulia mikorosho. Dawa yake, salfa ya unga, hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado majanini na upepo haujaanza kuvuma, kwa hiyo aliyechelewa kuamka alikuwa amekwisha kuipoteza siku. Mradi ulipofika mwisho nilikuwa na umri wa miaka 35, na kitu pekee nilichokijua nje ya mikorosho kilikuwa R, lugha ya takwimu iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, ambayo tuliitumia kuchambua matokeo yetu. Kutoka hapo nikajifunza Python, lugha ya kuandikia programu, usiku, watoto wakiwa wamelala. Leo ni mwaka wa tatu tangu niajiriwe kuandika programu, na saa ile ya salfa naitumia kusoma.

Saa moja watoto wanakwenda shule, nami nanywa chai kwa mihogo.

Saa mbili na nusu tuna kikao cha mtandaoni. Kiongozi wetu, kijana wa miaka 26 aliyeko Dar es Salaam, huniita dada kwa heshima zote, kisha hunirudishia kazi yangu ikiwa imejaa maswali. Mwanzoni jambo hilo lilinichoma, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kuwa mimi ndiye ninayewasahihisha vijana. Mshahara wa mwaka wa kwanza nao ulikuwa mdogo kuliko ule wa utafiti, na hilo matangazo ya mafunzo ya muda mfupi ya kuandika programu hayalisemi.

Saa tatu ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Tunatengeneza programu ya simu ya kuandikia uzito wa korosho kwenye maghala ya vyama vya msingi vya ushirika, na kwa kuwa huu ni mwezi wa Julai na msimu wa mauzo bado, makarani wawili wanaijaribu kwa takwimu za mwaka jana. Nilipokuwa nikipitia orodha yao niliona gunia moja lenye kilo 815. Programu haikulalamika, ilikuwa imejumlisha vizuri na kutoa hesabu safi kabisa. Lakini mtu aliyewahi kusimama kando ya mzani anajua kwamba gunia la korosho huwa na kilo 80 hivi, na kwamba hakuna mpagazi wa kubeba kilo 815.

Kule shambani, kosa la namna hii lingeningoja msimu mzima, kwa kuwa mkorosho hutoa maua yake kwa majira na swali lililokosewa mwaka huu hurudiwa mwaka ujao. Hapa nilikuwa na Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, yaani maandishi ya programu, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Kulikuwa na mabadiliko 64 tangu toleo la mwisho nililoliamini, nikayagawa nusu, nikapima, nikaigawa tena ile nusu yenye kasoro, na katika kipimo cha sita nikamfikia mkosaji. Alikuwa mimi. Wiki tatu nyuma nilikuwa nimeandika mstari unaofuta mkato wowote ndani ya namba, nikidhani kila mkato unatenganisha maelfu, kumbe karani aliandika 81,5 akimaanisha kilo 81 na nusu.

Nilikumbuka jeni ya MARCH1, ambayo Excel ilikuwa ikiigeuza kuwa tarehe ya mwezi Machi bila kumwuliza mtu, hata kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikatangaza mwaka 2020 kwamba sasa iitwe MARCHF1. Wanasayansi walibadilisha jina la jeni kwa sababu ya programu ya mahesabu! Kwa hiyo kiongozi wetu alipopendekeza kwamba mkato ugeuzwe tu kuwa nukta, nilikataa, kwa sababu 1,250 ingekuwa kilo moja na robo. Tulikubaliana kwamba programu isibahatishe: ikikutana na mkato, au na gunia linalozidi kilo 120, imwulize karani.

Saa saba nilikula wali kwa samaki wa soko la Feri. Mchana wote uliobaki niliandika majaribio ya kuhakikisha kosa hilo halirudi, kazi isiyo na sifa lakini ninayoipenda, kwa kuwa inafanana na daftari la maabara.

Saa kumi na mbili jioni baba alipiga simu kutoka Tandahimba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Bibi shamba, maua ya mikorosho yameshika unga mweupe."

Nilimwuliza ni lini alipuliza salfa mara ya mwisho. Alifikiri, akasema labda siku ishirini. Nilimkumbusha kwamba tunahesabu siku 14, naye akasema hesabu anazo kichwani, ila siku hizi kichwa kinasahau. Je, hiyo kompyuta yangu haiwezi kumkumbusha?

Baada ya kuagana naye niliandika daftarini: kikumbusho cha salfa, kila siku 14, kwa ujumbe mfupi, maana simu ya baba haina intaneti.