Kuti lililoikaba pampu

Jumamosi usiku, Paje.

Mikono bado inanuka dizeli. Mezani nimeweka konzi moja ya makuti yaliyooza, meusi, yanateleza kama mwani. Nimekuja nayo nyumbani makusudi, nataka kuyatazama vizuri kabla sijalala.

Leo tulikuwa na jaribio la mwaka la pampu ya zimamoto pale hotelini. Mapaa yote ni makuti, na kaskazi ikishavuma wiki mbili tatu huwa makavu, ukiyashika yanavunjika. Cheche moja tu ya jikoni inatosha. Kwa hiyo pampu hii siihesabu pamoja na mashine nyingine.

Ilikuja na cheti cha kiwandani. Huko waliipima kwa geji zilizohakikiwa: vali ya kutoa maji ikiwa imefungwa, presha bar 8.4, ikisukuma lita 1,900 kwa dakika, ambacho ndicho kipimo chake, bar 7, ikisukuma lita 2,850, bar 5.2. Kanuni za pampu za zimamoto za Marekani, NFPA 20, zinataka pampu ikitoa asilimia 150 ya maji yake isishuke chini ya asilimia 65 ya presha yake. Kwa hii yetu ni bar 4.55.

Kila Jumatatu tunaiwasha nusu saa, mshale unapanda, tunaandika "sawa" daftarini. Daftari zima ni sawa, sawa, sawa.

Asubuhi nilifungua geji zake nikafunga zangu, nilizozipeleka mjini kupimwa. Ile ya zamani kioo kimeota ukungu wa chumvi, na mshale umelala kwenye 0.5 hata pampu ikiwa imezimwa! Tukatandaza mipira hadi kwenye minazi, kijana wangu akashika mrija wa pitoti, wa kupimia maji yanayotoka, mbele ya nozeli. Kumwaga maji yote yale wakati majirani wanapanga ndoo roho inauma, lakini njia nyingine ya kuijua pampu hiyo sina.

Vali ikiwa imefungwa, vizuri. Lita 1,900, ikapungua kidogo. Tulipofungua mipira yote ikaanza kulia, mlio wa kokoto zinazotikiswa ndani ya sufuria.

"Ami, mbona inalia hivi?"

Nikaweka kiganja juu ya kasha lake, ikanitetemesha mpaka kwenye kiwiko. Geji ya upande wa kuvuta ilikuwa chini ya sifuri, -0.4. Upande wa kutoa, 3.6. Maana yake pampu yenyewe inaongeza bar 4 tu, chini ya zile 4.55. Ilikuwa na kiu: maji hayaifikii ya kutosha, yanageuka mapovu ya mvuke, na mapovu yanapasukia kwenye mapezi yanayozunguka ndani yake na kuyala chuma.

Tukazima. Tukafunga vali ya tangi, tukafungua chujio la bomba la kuvuta, na haya makuti yakatoka, kiganja baada ya kiganja. Bati moja la mfuniko wa tangi lilikwishang'olewa na upepo, na hakuna aliyepanda kuangalia. Mimi pia sikupanda.

Baada ya kusafisha tukarudia. Kuvuta 0.1, kutoa 5.1, mlio umekwisha. Pampu imeongeza bar 5.0, nayo injini ilikuwa ikizunguka mara 2,900 kwa dakika badala ya 2,950 za kiwandani. Presha hufuata mraba wa mwendo, hivyo ukirekebisha unapata kama 5.17. Karibu sawasawa na 5.2 za cheti! Kijana alipiga hesabu ile mara mbili, kisha akaniangalia akicheka kwa furaha.

Kinachoninyima usingizi ni lile daftari. Zile Jumatatu zote tuliiwasha vali zikiwa zimefungwa, na pampu isiyotoa maji haihitaji kuvuta maji. Chujio lingeziba karibu lote na mshale ungesimama palepale. Hatukuandika uongo, ila tulikuwa tunapima kuwa injini inawaka, basi. Moto ungetokea usiku mmoja wa kaskazi, wageni wamelala chini ya makuti, mipira ingefunguliwa yote kwa mara ya kwanza.

Kesho nampelekea meneja namba zote mbili, za kabla na za baada, pamoja na haya makuti ndani ya mfuko. Bati la tangi linafungwa kesho hiyohiyo, nitapanda mwenyewe.

Kijana ameniuliza kama anaweza kunakili mchoro wa kiwandani kwenye daftari lake. Nimempa cheti alale nacho.