Tulivyoacha kugombania wageni stendi ya Lushoto

Miaka miwili niliishi kwa kudaka watalii stendi, niwaongoze matembezini. Basi likipanda kutoka Mombo, ile barabara ya kona kona kupitia Soni, sisi vijana tumeshajipanga. Huyu anataja elfu ishirini kwenda Irente, mwenzake kumi na tano, wa tatu ameshanyakua begi anatembea nalo. Siku moja dada mmoja mgeni aliangua kilio, akapanda basi lilelile kurudi alikotoka. Hapo ndipo nilipoona tunajikaanga kwa mafuta yetu wenyewe.

Tulikuwa tisa. Mmoja wetu alikuwa amesikia habari za Mpango wa Utalii wa Kitamaduni, ule ulioanza katikati ya miaka ya 1990 chini ya Bodi ya Utalii Tanzania kwa msaada wa SNV, shirika la maendeleo la Uholanzi. Tukachangishana nauli, mimi na mwenzangu tukaenda Arusha kuwaona wenye mpango huo. Nilidhani tutarudi na fedha. Tulirudi na karatasi: mfano wa orodha ya bei inayoonyesha pesa ya mgeni inakwenda wapi, mwongozaji kiasi gani, chakula kiasi gani, kijiji kiasi gani. Nilivunjika moyo, sifichi.

Basi tukafungua daftari la zamu. Zamu yako ikifika mgeni ni wako, hata kama mwenzako ndiye anayejua Kijerumani. Bei moja, na kila mgeni stakabadhi yake. Mwezi wa kwanza wawili waliruka zamu. Tukawasimamisha wiki mbili, wakarudi wapole.

Kilichotutoa jasho ni fungu la kijiji. Mweka hazina wetu alikuwa akilifungia kwenye droo, kwa nia njema tu, akisubiri liwe la maana. Sasa njia yetu ya kwenda Mtae hupita mashambani mwa watu, na asubuhi moja tulikuta bibi mmoja ameiziba kwa magogo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza: "Mjukuu wangu, hawa kila wiki wanapiga picha migomba yangu. Mimi nimeona nini?" Sikuwa na jibu. Mgeni wangu alikuwa na stakabadhi mfukoni yenye neno "kijiji", na alikuwa ananitazama.

Wiki iliyofuata tulibeba pesa zote, tukazihesabu mbele ya mkutano wa kijiji, mtendaji akabandika hesabu kwenye ubao wa ofisi. Hadi leo hufanyika hivyo kila miezi mitatu. Za kwanza zilinunua mabati ya jiko la shule.

Mahali ambapo watu wa Arusha walituachia tujitafutie wenyewe ni kwa Watanzania wenzetu. Orodha yao ilikuwa ya dola. Familia iliyotoka Tanga kupunga upepo ikiisoma, inageuza gari. Tukatunga ya shilingi: matembezi ya nusu siku hadi Irente, pale mwambani unapoiona Mazinde chini kabisa, halafu mkate na jibini ya hukohuko, jioni mtu yuko kwao. Faida yake ndogo, lakini Pasaka huangukia masika, Wazungu wameadimika, na hao ndio wanaotulisha.

Yale magogo bibi hakuyatupa. Ameyafanya benchi kando ya njia, huuzia mapea hapo msimu ukifika. Bei hapunguzi, hata kwangu.