Kipara laini bila vipele: wembe ukate usawa wa ngozi, si chini yake

Mtu mwenye nywele za kipilipili akitoka vipele baada ya kunyoa kipara, wa kwanza kulaumiwa ni wembe butu. Wembe butu ni tatizo kweli, lakini mara nyingi kilichotokea ni kwamba nywele zimekatwa kupita kiasi. Unywele wetu hautoki kichwani ukiwa wima. Hata tundu lake ndani ya ngozi limepinda. Ukikatwa, unabaki na ncha kali ya mshazari, na ukianza kuota unajikunja na kurudi kuichoma ngozi ileile uliyotokea. Ukikatwa chini ya uso wa ngozi ni balaa zaidi, kwa sababu haufiki hata nje: unachimba humohumo ndani. Mwili unauchukulia kama mwiba. Panavimba, panawasha, na pengine panatunga usaha.

Kwa hiyo kazi nzima ni kukata usawa wa ngozi na kuishia hapo.

Anza na mashine ya umeme isiyo na kitana, ipite kichwa kizima. Nywele zikiwa ndefu zinaziba wembe, nawe unaanza kukandamiza. Wanaonyoa kila baada ya siku mbili au tatu wanaweza kuiruka hatua hii. Waliokaa wiki nzima wasiiruke.

Halafu ujue nywele zako zinalalia upande gani. Kwenye kichwa kimoja kuna mielekeo kadhaa. Mbele kwa kawaida zinalalia kwenye paji la uso, pembeni zinashuka, utosini zinazunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki. Kisogoni ndiko kwenye mtego, maana huko mara nyingi zinaota kwa upande, na wengine zinapanda juu kabisa. Subiri siku mbili tangu uliponyoa, kisha pitisha kiganja taratibu: upande unaoteleza ndiko zinakolalia, upande unaokwaruza ndiko zinakotokea. Fanya hivyo sehemu kwa sehemu mpaka uikariri ramani ya kichwa chako, maana wembe utafuata upande zinakolalia. Ukiikosea, utakuwa unanyoa kinyume tangu mkato wa kwanza bila kujua.

Kinachofuata ni maji, na hapa wengi wana haraka. Unywele mkavu ni mgumu, ukishanyonya maji unakatika kwa nguvu kidogo. Osha kichwa kwa sabuni laini kuondoa mafuta, kwa kuwa mafuta yanazuia maji kuingia, kisha funika kichwa kwa taulo iliyolowekwa maji ya moto yasiyounguza kwa dakika 3. Ukitoka kuoga moja kwa moja, taulo si lazima. Krimu ya kunyolea kiasi cha punje ya njegere inatosha kichwa kizima ukiikoroga na brashi yenye maji. Povu zuri linafanana na mtindi mzito, halina viputo vikubwa. Sabuni ya mche ya kufulia inatoa povu jingi, lakini inakausha ngozi na povu lake linanyauka upesi. Na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa hata povu zuri linakauka kabla hujamaliza, kwa hiyo paka nusu ya kichwa, nyoa, ndipo upake nusu ya pili.

Kuhusu wembe nina msimamo: kwa nywele za kipilipili, wembe mmoja ni bora kuliko ule wa nyembe tatu au tano. Katika nyembe nyingi, wa kwanza unauvuta unywele juu kidogo, wa pili unaukata kabla haujarudi, na mabaki yake yanazama chini ya ngozi. Siku hiyo kichwa kinateleza kama kioo. Vipele vinafuata siku chache baadaye. Kishikio cha chuma kinachofunguka na kuwekwa wembe wa kawaida wa pande mbili kinafanya kazi hii vizuri, na nyembe zake ni rahisi kununua kila wiki. Wembe mmoja usizidi kunyoa kichwa mara mbili au tatu.

Weka kichwa cha wembe juu ya ngozi huku mkono wake ukiwa umesimama wima kutoka kwenye ngozi, kisha ulaze taratibu mpaka usikie makali yameanza kugusa. Inakuwa kama nyuzi 30. Ibakize pembe hiyo. Usisukume, uzito wa chuma chenyewe unatosha. Mikato iwe mifupi, sentimita 2 au 3, kwa sababu kichwa ni mviringo na makali yanagusa sehemu ndogo tu kwa wakati mmoja. Suuza wembe kila baada ya mikato miwili. Sikiliza pia: nywele zinazokatika zinatoa mchakacho mdogo, na mchakacho ukikoma, hapo hapana tena cha kunyoa. Kurudia mahali palipokwisha povu ndiko kunakoleta mwasho.

Anza juu, nenda pembeni, malizia kisogo, ili nywele za huko zizidi kulainika. Nyuma ya sikio, likunje sikio mbele na upite juu ya ule mfupa kwa mikato midogo sana. Kisogoni inamisha kidevu kifuani, mikunjo itanyooka yenyewe. Usiivute ngozi kwa nguvu, kwani ngozi iliyovutwa ikiachiwa inarudi na kuufunika unywele uliokatwa. Vidole vya mkono wa pili vitangulie wembe, vitakuambia zaidi kuliko vioo viwili.

Ukitaka ulaini zaidi, paka povu upya na upite kwa upande, kukingama na nywele. Ishia hapo. Kunyoa kinyume kabisa ni kwa yule ambaye hajawahi kutoka kipele hata kimoja.

Suuza kwa maji baridi na ukaushe kwa kugusagusa. Jiwe la shabu lililoloweshwa likipitishwa kichwani linazuia damu ya mikwaruzo. Liache dakika moja kisha suuza. Spiriti ni ya kusafishia vifaa, ngozi iliyotoka kunyolewa inaunguzwa nayo bure. Malizia na losheni isiyo na manukato, na mchana paka ya kukinga jua, yenye kipimo cha kinga (SPF) 30 au zaidi, hata kama ngozi yako ni nyeusi. Kwa mwenye ualbino hilo ni la lazima, pamoja na kofia pana. Moshi, pale hospitali ya KCMC, hutengenezwa krimu ya Kilisun mahsusi kwa ajili yao.

Ukinyolewa kwa kinyozi, wembe ufunguliwe mbele yako. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7, hata pasipoonekana damu. Mashine ipigwe brashi nywele zitoke, ndipo ifutwe kwa spiriti ya asilimia 70. Lile sanduku la taa ya buluu haliui kilichojificha chini ya mabaki ya nywele, na mapunye hupita hapohapo.

Vipele vigumu vikianza kisogoni, acha wembe kabisa. Baki na mashine yenye kitana, usitumbue, na umwone daktari wa ngozi mapema, kwa kuwa vikiachwa vinaweza kugeuka makovu yaliyoinuka ambayo nywele hazioti tena.

Wembe uliokwisha kazi tumbukiza kwenye kopo la bati lililotobolewa mwanya mwembamba juu. Likijaa, bana mwanya kwa koleo kabla ya kulitupa, anayezoa taka asikatike.