Nilivyouza programu yangu Masasi bila kupitia malipo ya Play

Programu yangu ni daftari la mkulima wa korosho. Unaandika kilo ulizopeleka chama cha msingi cha ushirika, daraja lake na bei ya mnada. Yenyewe inatoa makato na kukuonyesha kinachotakiwa kuingia benki. Bei yake shilingi 3,000 kwa msimu.

Nilipoanza, Google Play, duka la programu za simu la Google, ilikata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali kwa msanidi (mtengenezaji wa programu) ambaye mapato yake ya mwaka hayajavuka dola milioni 1. Kwangu ni shilingi 450, ningeimeza. Shida ilikuwa wateja. Mzee wa Nanyumbu akaunti ya benki anayo, ya kupokelea hela ya mnada, lakini kununua kitu kwa kadi mtandaoni hajawahi, na wala hana mpango huo.

Nikakaa na masharti ya Google mstari kwa mstari. Bidhaa ya kushikika, kama salfa au magunia, malipo yake hayapiti dukani kwao kabisa. Daftari halimo humo. Lakini wanaruhusu programu ikae bure na mtu aingie kwa akaunti aliyolipia kwingine, ilimradi ndani yake hakuna kitufe wala kiungo cha kumpeleka kulipia nje. Basi lipa namba yangu, ya kupokelea malipo kwa simu, nikaiondoa kwenye skrini.

Sasa anauza mwenye duka la pembejeo. Anapokea 3,000, ananitumia namba ya simu ya mteja kwa meseji, nami nafungua akaunti. Yeye anabaki na 300. (Ndiyo, bado nakatwa, ila huyu hata kukopesha anakopesha.) Usumbufu upo:

“Mwanangu, hela nimeshatoa, mbona simu inanidai neno la siri?”

“Shikamoo mzee. Ni tarakimu nne nilizokutumia kwenye meseji.”

Ulaya sheria ya masoko ya kidijitali inampa msanidi haki ya kumwambia mteja kuna bei nafuu nje, na Aprili 2025 Apple ilipigwa faini ya euro milioni 500 kwa kuwabana wasanidi katika hilo. Haki hiyo haijafika Masasi, kwa hiyo tangazo langu liko ukutani kwa yule mwenye duka la pembejeo, kwenye karatasi ya A4.

Wasio na bando huwa nawarushia APK, yaani faili la kusakinisha programu, simu kwa simu. Njia hiyo nayo itabadilika: Agosti 2025 Google ilitangaza mpango wa kuwataka wasanidi wathibitishe utambulisho wao hata wanaposambaza nje ya Play. Msimu ujao nitajaribu kukiuzia chama cha msingi leseni moja ya wanachama wote, kwa mkataba wa karatasi na muhuri.