Ufa wa chesisi ushughulikiwe kwenye ncha yake

Tela linalobeba mahindi kutoka Kiteto kwenda soko la Kibaigwa halikatiki chesisi, yaani fremu ya boriti inayobeba gari, kwa sababu ya korongo moja baya. Linakatika kwa mitikisiko maelfu kwa maelfu ambayo chuma kinaumudu kila mmoja peke yake. Gurudumu likizama, boriti zinapinda kidogo, kisha zinarudi. Kunja waya na kuukunjua palepale mara kadhaa: utakatika bila kuvutwa. Huo ndio uchovu wa chuma. August Wöhler aliuchunguza Ujerumani kwenye ekseli za mabehewa ya reli, miaka ya 1850 na 1860, akaonyesha kwamba chuma hukatika kwa mzigo ulio chini kabisa ya uwezo wake, mradi urudiwe mara za kutosha.

Ufa hauanzii popote tu. Unaanzia pale mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila sehemu ndogo ya chuma, unapolimbikana: tundu la bolti, pembe iliyokatwa kali, mwisho wa pleti ya kiraka, au ukingo wa mshono wa weldi, pale rodi ya kuchomelea ilipochimba mfereji mdogo pembeni. Mwaka 1913 Inglis, mhandisi wa Uingereza, alitoa hesabu ambayo kila fundi wa kuchomelea angefaidika kuijua. Tundu la duara kwenye pleti inayovutwa huongeza mkazo mara 3 kwenye ukingo wake. Ufa huongeza zaidi, kwa sababu ncha yake ni kali. Chukua mzizi wa pili wa urefu wa ufa ukigawanywa kwa nusu kipenyo cha ncha, zidisha kwa 2, jumlisha 1. Ufa wa milimita 10 ulioanzia ukingoni, wenye ncha ya nusu kipenyo cha milimita 0.1, unazidisha mkazo karibu mara 21. Chuma laini hakikatiki papo hapo, maana kwenye ncha kinalegea na kunyumbuka. Lakini kila mtikisiko unaipeleka ncha mbele kwa sehemu ndogo mno ya milimita, na mitikisiko haiishi.

Kinachowaponza wenye magari ni mwendo wa ufa. Kwa vyuma vya kawaida, kasi ya kukua hufuata mkazo wa kwenye ncha ukipandishwa kwa kipeo cha 3 hivi, na mkazo huo hupanda kwa mzizi wa pili wa urefu wa ufa. Maana yake ufa wa milimita 20 unakimbia karibu mara 8 ya ule wa milimita 5, kwa barabara ileile na mzigo uleule. Dereva anayesema "huu ufa nauona tangu msimu uliopita, hauna shida" anautazama katika kipindi chake cha polepole. Na mkazo ukizidi kwa robo, 1.25 × 1.25 × 1.25 inazaa 1.95: ufa unakua kwa kasi karibu mara mbili ya mwanzo. Gunia za ziada zinazopakiwa baada ya kuvuka mizani ya barabarani zinalipwa na chesisi.

Kuutafuta si kazi ngumu. Osha udongo wote, maana vumbi la njia za huku likichanganyika na grisi linaficha kila kitu. Tazama mstari wa kutu unaotiririka juu ya rangi, hasa kwenye hanga za springi, nyuma ya kingpini (pini inayounganisha tela na kichwa cha lori), na pale boriti inapobadilika kimo. Ukishuku mahali, kwangua rangi na usafishe kwa petroli, pakauke. Paka mafuta ya taa, ngoja dakika 20, futa kabisa, kisha paka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatachora mstari kwenye chaki. Gari likiinuliwa kwa jeki ili ufa ufunguke kidogo, mstari huonekana vizuri zaidi. Makopo ya rangi nyekundu ya kupimia nyufa ni bora kuliko mafuta ya taa, lakini hata chaki inatosha kuzuia maafa.

Sasa ncha. Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kupitisha rodi juu ya ufa na kuondoka. Mshono unafunika uso, ncha inabaki chini yake ikiwa kali vilevile. Toboa tundu la milimita 10 kwenye ncha, kitovu chake kiwe juu ya ncha au mbele yake kidogo, kamwe si nyuma, kwa sababu ncha halisi huwa mbele ya ile unayoiona kwa macho. Hesabu ya Inglis inaonyesha faida: ncha ya milimita 0.1 ikigeuka kuwa ya milimita 5, yaani nusu kipenyo cha tundu, ule mkazo wa mara 21 unashuka hadi mara 4.5 hivi, ingawa ufa umerefuka kufikia milimita 15. Ondoa makali ya tundu, pima tena kwa chaki. Mstari ukitokea mbele ya tundu, umeikosa ncha. Tundu peke yake ni la kukufikisha gereji.

Kabla ya kuchomelea, soma chesisi: baadhi ya malori yana kibandiko kinachokataza kuchomelea au kutoboa bapa (ubao wa juu au wa chini wa boriti), kwa kuwa chuma chake kimetiwa ugumu kwa moto na joto la weldi linauharibu. Kama inaruhusiwa, shusha mzigo, ondoa nyaya za betri na za altaneta, funga athi (waya wa mashine unaorudisha umeme) kwenye boriti yenyewe karibu na ufa ili umeme usipite kwenye beringi. Chimba ufa kwa grainda uwe na umbo la V la digrii 60 hadi uishe wote, uache mwanya wa milimita 2 hadi 3 chini. Tumia rodi za 7018, aina yenye haidrojeni kidogo, zikiwa kavu. Pakiti iliyofunguliwa wakati wa mvua za Januari imeshavuta unyevu, na unyevu huo unaingiza haidrojeni kwenye mshono. Ufa mpya unaweza kutokea kando yake saa nyingi baadaye, gari likiwa limeshaondoka. Kuzianika juani hakutoshi, zinahitaji oveni ya digrii 300 na zaidi. Anza kwenye tundu uelekee ukingoni, ulijaze na tundu, kisha geuka nyuma, chimba mzizi wa mshono na uchomelee upande huo pia. Sawazisha kwa grainda kufuata urefu wa boriti. Mikwaruzo ya kukatisha boriti ni mbegu za nyufa.

Pleti ya kuimarisha iwe na unene usiozidi wa chesisi, na ncha zake zikatwe mshazari. Pleti ya pembe mraba inahamisha tatizo tu: ufa unaofuata utazaliwa pale pleti inapoishia. Ifunge kwa bolti kwenye ukuta wa katikati wa boriti, wala usitoboe bapa la juu au la chini, ambako mkazo ni mkubwa zaidi.

Springi iliyopasuka haichomelewi. Badilisha jani.

Kipande kikishakatika, usikitupe kwenye skrapa kabla ya kutazama uso wake. Sehemu ya uchovu ni laini, yenye mistari ya nusu duara kama alama za maji yanayopungua kwenye lambo la mifugo, na sehemu iliyokatika mwisho ni ya mparuzo, yaani yenye uso wa kukwaruza. Mparuzo ukichukua eneo kubwa, mzigo ulikuwa mkubwa mno. Ukiwa mdogo, mzigo ulivumilika, na kosa liko kwenye chanzo. Fuata mistari hiyo kurudi nyuma inakobana: huko utakuta tundu la bolti, pembe ya pleti au mfereji wa rodi, na kwenye boriti ya upande wa pili ukague palepale leo hii.