Rabai: nyumba iliyotoka shambani

Jumamosi nilipandia matatu Changamwe, malori Miritini yamejipanga kama kawaida, nikashukia Mazeras nikachukua boda mpaka Rabai. Ukishaanza kupanda vile vilima ni minazi tu na upepo, joto la kisiwani Mombasa unalisahau.

Nilikuwa naenda shambani kwa mamake rafiki yangu, sababu napanga kujenga Kisauni na kila fundi naemuuliza ananiambia mabati, siling bodi, halafu feni, na bili ya stima jamani si mnaijua. Nimefika saa saba, jua la utosi, kuingia ile nyumba ya udongo nikapoa mwili mzima. Nikamuuliza mama siri ni nini. "Mwanangu, angalia juu."

Kweli, ukuta haujafika kwenye paa, kumeachwa nafasi, hewa moto inapanda inatokea hapo. Mlango wa mbele na wa nyuma vinatazamana, kusi ikivuma inapita ndani, kaskazi ikija inapita vilevile, na upande wa magharibi kuna mwembe mkubwa unakula jua lote la alasiri. Jikoni moshi unapanda mpaka kwenye uchaga wa mahindi, wadudu hawakai, na makuti yenyewe yanadumu kwa moshi huohuo, ingawa kwa kifua cha mama mimi hilo silipendi kabisa.

Ila kilichonishika zaidi ni kwamba nyumba karibu yote imetoka palepale shambani. Makuti ni ya minazi yake, udongo wa kukandika ulichimbwa hapo nyuma na lile shimo likajazwa samadi na majani, saa hii ni migomba inazaa. Fito ni za mivinje aliyopanda mwenyewe mpakani, maana msitu wa kaya, ule mtakatifu wa Wamijikenda, haukatwi, wazee hawataki, na tangu 2008 kaya kadhaa za Mijikenda ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Sasa makuti Kisauni sitaezeka, nyumba zimebanana, moto ukishika moja ni mtaa mzima. Lakini ile nafasi chini ya paa naiweka hata kama juu ni mabati, madirisha yatazamane, maji ya mvua yaingie tangini na mwembe upandwe magharibi kabla hata msingi haujachimbwa. Fundi analalamika eti huo mti utanilia chumba kimoja, nimemwambia na ukile.