Kwenye Kaburi la Pinto

Tangu nitue Nairobi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali moja: umerudi kabisa ama umekuja kututembelea? Jirani kauliza, mama mboga kauliza, hata kondakta wa matatu aliponisikia nikisitasita kutaja stegi. Miaka 14 Kanada si michache. Jioni ya pili mjomba aliniambia wapangaji wa ploti yetu wanakutana Jumamosi kuhusu maji, maana mifereji imekauka wiki ya tatu sasa. Nikamjibu, "Mjomba, mimi bado mgeni, nitasema nini?" Hakunijibu.

Siku ya nne alinipeleka City Park, bustani ya msitu yenye makaburi ndani yake. Marehemu mama alinisimulia habari za Pio Gama Pinto, mpigania uhuru wa Kenya, tangu niko mdogo, lakini kaburi lake sikuwahi kulizuru. Tulishukia Limuru Road, tukapita vibanda vya mboga vyenye harufu ya dania, tukaingia chini ya miti. Tumbili mmoja akamkwapua mjomba karatasi ya njugu, akapanda nayo juu. Makaburini palikuwa kimya. Nilivua leso begani, nikafuta vumbi juu ya jiwe pole pole, kama ninavyofuta meza ya mama.

Mjomba akaanza kusimulia, na safari hii nilisikiliza kama mtu mzima. Pinto alizaliwa hapa hapa Nairobi mwaka 1927, mtoto wa Wagoa, watu wa Goa, iliyokuwa koloni la Wareno pwani ya India. Bado mdogo akapelekwa India kusoma. Huko akajiunga na harakati za kuwaondoa Wareno Goa, na hatari ya kukamatwa ilipomkaribia akarudi nyumbani, 1949. Alikuwa na miaka 22.

Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Nilikuwa nikimjua kama shujaa, sikuwahi kumfikiria kama mtu aliyerudi. Aliondoka mtoto, akarudi kijana katika mji ambao wakoloni waliugawa kwa rangi: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Angeweza kushika ukarani wake akanyamaza. Badala yake alijifunza Kiswahili, akafanya kazi na vyama vya wafanyakazi, akaandika magazetini, akawasaidia wapiganaji wa Mau Mau kwa silaha na pesa. Alimwoa Emma Januari 1954, na pesa alizopewa na baba mkwe akanunulia mtambo wa kuchapisha. Miezi mitano baadaye akakamatwa. Hakushtakiwa popote; aliwekwa kizuizini kisiwani Manda, kisha akapelekwa Kabarnet, hadi 1959.

Uhuru ulipopatikana hakupumzika. Aliendelea kudai ardhi kwa wasio na ardhi, akishirikiana na Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais. Tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi Westlands akiwa garini, nje ya lango lake, binti yake mdogo akiwa kiti cha nyuma. Alikuwa na miaka 37, na Kenya huru ilikuwa na miezi 14. Kisilu Mutua alifungwa kwa mauaji hayo, akikana siku zote, akaachiliwa mwaka 2000 baada ya miaka 35. Waliopanga hawajawahi kusimamishwa kizimbani. Jambo hili linaniuma, na sioni sababu ya kulisema kwa sauti ya chini.

Emma alihamia Kanada na mabinti zao watatu. Miaka yote niliyoishi nchi hiyo sikuwahi kulitafakari hilo: mimi nilikwenda kutafuta maisha, yeye alifukuzwa na risasi.

Si mbali na Pinto amelala Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyetaka azikwe karibu na rafiki yake. Mjomba alisimama hapo kitambo, kofia mkononi. "Huyu alifariki 1990," akasema. "Hesabu, mwanangu. Miaka 25, na hakumsahau."

Tulirudi kupitia Westlands. Maghorofa ya vioo, barabara ya juu, magari. Niliangaza macho nikitafuta nyumba yenye lango la zamani mpaka mjomba akanishika mkono tuvuke.

Jumamosi nilikwenda kwenye mkutano wa maji. Tulikuwa 19, tumekalia ndoo na viti vya plastiki. Mwenyekiti aliuliza nani ana mwandiko mzuri wa kuandika barua kwa mwenye nyumba. Mjomba aliniangalia tu. Nikaomba kalamu.